Injini ya Gari la Kale Inavuja Oili: Pima Pumzi Kabla ya Kununua Sili

Doa la oili chini ya gari halikuonyeshi mahali panapovuja. Gari likisimama, oili hushuka kwa uzito wake; gari likienda, upepo huisukuma nyuma. Kava ya tapeti (kifuniko cha bati juu ya injini) iliyolegea upande mmoja inaweza kulowesha bloku nzima, oili ikafuata ukingo wa sampu (karai la oili chini ya injini) hadi nyuma na kutonea kwenye nyumba ya klachi. Mwenye gari anaambiwa sili (kizuizi cha oili) ya nyuma ya krenkishafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imekwisha. Giaboksi linashushwa, sili inabadilishwa, na doa linarudi wiki ileile.

Nayajua hayo kwa sababu yamenipata. Nilishusha giaboksi moja mara mbili mwezi mmoja, na mara zote mbili sili niliyoitoa ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa bomba la kupumulia la injini, lililozibwa na uchafu mgumu kama lami. Tangu hapo nafuata mpangilio ulio hapa chini, na sigusi sili yoyote kabla ya kufika mwisho wake. Injini ninazozizungumzia ni zile za miaka ya 1940 hadi 1970: kava za bati, gasketi za koki (lile ganda laini la mti wanalozibia chupa), sili za kamba au za sufu iliyoshindiliwa, na mahali pengine hakuna sili kabisa.

Je, ni oili ya injini kweli?

Chovya kidole, nusa, kisha paka kwenye karatasi nyeupe. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au kahawia na haina harufu kali. Oili ya giaboksi na difu ni nzito na inanuka kiberiti. Ukiinusa mara moja hutaisahau. Nyekundu na nyepesi ni ya giaboksi la otomatiki au ya stelingi ya pawa. Fluidi ya breki inateleza, haina rangi nyingi, na inababua rangi ya gari. Ukiikuta hiyo, acha habari ya oili kwanza ushughulikie breki. Maji ya radieta yenye dawa yananata na yana harufu tamu.

Kisha vuta dipstiki uinuse nayo. Oili ikinuka petroli na kiwango chake kimepanda badala ya kushuka, kiwambo cha pampu ya petroli ya mekanika huenda kimepasuka na petroli inaingia kwenye sampu, au karbureta inafurika. Usiwashe injini hiyo. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi, hupita kwenye kila sili, hula beringi, na mvuke wake unaweza kulipuka. Tengeneza chanzo, mwaga oili, badilisha filta, ndipo uanze upya kutafuta uvujaji. Mara nyingi utakuta hakuna tena.

Osha, tia poda, uone

Hakuna atakayesoma injini iliyovaa tope la miaka thelathini. Funika karbureta, alteneta au dinamo na distribyuta kwa mfuko wa plastiki, paka dawa ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya taratibu. Usitumie mashine ya maji yenye nguvu: inasukuma maji hadi ndani ya sili unazozitafutia lawama. Ikauke kabisa.

Baada ya hapo puliza poda ya mwili au vumbi la chaki kwenye maungio yote. Washa injini, iache kwa dakika kumi bila kukanyaga mafuta, zima, kisha zunguka na tochi na kioo kidogo cha mkononi. Poda ikilowa inabadilika rangi, na unaona mstari ulikoanzia. Kama haijaonekana kitu, endesha kilomita 15 au 20 kisha utazame tena. Rangi ya kung'aa inayotiwa ndani ya oili na kumulikwa kwa taa ya zambarau inasaidia pia, hasa kwenye uvujaji mdogo unaochukua siku kadhaa.

Unapotazama, tafuta sehemu iliyolowa ambayo iko juu kuliko zote na mbele kuliko zote. Hiyo ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Vyote vilivyo chini na nyuma yake vinaweza kuwa vimeloweshwa tu.

Usiku tandaza kadibodi chini ya injini, uchore alama mahali magurudumu yaliposimama ili uweze kuirudisha palepale. Na andika ni wakati gani gari linavuja, kwa sababu saa ya uvujaji inasema mengi kuliko ukubwa wa doa.

Linavuja injini ikiwa inafanya kazi tu, na likizimwa linakauka: oili yenye presha. Tazama swichi ya presha, bomba la geji, filta, bomba za kipoza oili, na hata gasketi ya silinda hedi pale inapopitia njia ya oili inayopanda juu.

Linavuja likishazimwa, hasa usiku wa kwanza: oili inayoshuka na kutulia. Sampu, boliti ya kumwagia, sili ya nyuma, kava ya tapeti yenye kona zilizojaa oili. Angalia pia kama umezidisha kiwango. Dipstiki isiyo ya gari lile, ambayo si ajabu kwa gari lililobadili mikono mara tano, inaweza kukufanya utie lita nzima ya ziada bila kujua.

Linavuja baada ya mwendo mrefu wa kasi tu, na ukizunguka karibu na nyumbani ni kavu: hapo tuzungumze pumzi.

Pumzi ya injini

Kila pistoni huvujisha gesi kidogo kupita kwenye ringi zake kuingia kwenye tumbo la injini. Hata injini mpya hufanya hivyo. Gesi hiyo lazima itoke, na isipopata njia yake itatengeneza nyingine: itasukuma oili kupitia sili iliyo dhaifu kuliko zote. Ukiibadilisha hiyo, itahamia inayofuata. Ndiyo maana kuna magari "yanayovuja kila mahali". Maungio kumi na mawili hayachakai siku moja. Kinachoyasumbua ni presha moja.

Injini za zamani zaidi zina bomba linaloning'inia chini ya gari, mdomo wake ukiwa umekatwa mshazari. Upepo unaopita ukivuta mdomo huo, gesi hutoka. Gari likisimama au kutambaa kwenye msongamano, hakuna mvuto. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960, California ikitangulia, viwanda vilianza kuunganisha bomba hilo na manifoldi ya kuingizia (njia ya hewa na petroli kwenda kwenye silinda) kwa kupitia vali ndogo, ili injini ivute na kuchoma gesi yake yenyewe.

Ukaguzi wa haraka ni huu. Injini ikiwa moto na ikizunguka taratibu, legeza kifuniko cha kutilia oili ukiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikitulia au kikivutwa kidogo, vizuri. Kikirukaruka na moshi ukitoka kwa mapigo, kuna presha. Dipstiki inayojisukuma juu yenyewe ni dalili hiyohiyo.

Ukitaka uhakika, chukua bomba la plastiki linaloona ndani, urefu wa mita mbili hivi. Chomeka ncha moja kwenye tundu la dipstiki isivuje pembeni, kunja sehemu iliyobaki mfano wa herufi U chini kabisa ya kiwango cha injini, tia maji kidogo. Kwenye injini yenye vali ya kuvutia gesi, maji yatavutwa sentimita chache kuelekea injini. Kwenye injini yenye bomba la kuning'inia, yatabaki karibu sawa pande zote mbili. Maji yakisukumwa kutoka kwenye injini, na yakazidi kadiri unavyokanyaga mafuta, usinunue gasketi yoyote leo.

Sababu, kwa mpangilio wa urahisi wa kuzitengeneza: Bomba la kupumulia limeziba, au mpira wake umelainika na kujikunja ndani kwa ndani pasipoonekana. Wavu wa chuma ndani ya kopo la kupumulia umejaa masizi. Lowesha kwenye mafuta ya taa usiku mzima, puliza kwa hewa. Vali imegoma ikiwa imefungwa. Kwenye zile zenye kiwambo cha mpira, kikipasuka mambo hugeuka: mvuto unazidi, injini inapiga mluzi na kuunguruma bila mpangilio, oili inavutwa hadi kwenye manifoldi na moshi wa bluu unatoka nyuma.

Halafu kuna kifuniko cha kutilia oili chenyewe. Kwenye injini nyingi kile kifuniko cha asili kina tundu na chujio la kuingizia hewa safi. Mtu anakuta kizuri kinachong'aa, kisicho na tundu, anakiweka kwa ajili ya maonyesho, na tangu siku hiyo gari linavuja. Mara nyingi nikiitiwa injini iliyong'arishwa sana, huwa naanzia hapo.

Kama njia zote ziko wazi na presha bado ipo, pima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana. Silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, tia kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi au kuta za silinda zimechoka. Sitakudanganya: hakuna sili itakayodumu kwenye injini hiyo hadi ifunguliwe. Unaweza kuendesha na kuongeza oili, lakini usitumie fedha kwenye sili.

Mchirizi unaanzia juu, kuna harufu ya kuungua

Kava ya tapeti ndiyo mkosaji wa kwanza kwa idadi, na ndiyo rahisi kuliko zote. Oili yake huangukia manifoldi ya ekzosi. Harufu inayoingia ndani ya gari ukisimama kwenye taa ni hiyo. Usiichukulie kama kero tu, oili juu ya chuma chenye moto mkali inaweza kuwaka.

Kinachoiharibu mara nyingi ni mkono wa fundi. Kava ni bati jembamba. Ukiona jasho la oili unakaza nati, likiendelea unakaza tena, na kila ukikaza bati linajipinda kuzunguka boliti na kuinuka katikati, gasketi ya koki inasukumwa nje kama siagi. Ivue, safisha, ilaze juu ya kioo cha dirisha. Pale unapoona mwanga chini yake, weka ukingo juu ya chuma kilichonyooka ugonge taratibu kwa nyundo ndogo hadi ulale.

Koki iliyokaa dukani miaka hukauka na kufupika, matundu hayalingani. Usiivute. Ilaze kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, itarudi. Igandishe upande wa kava kwa gundi ya gasketi, upande wa hedi upake grisi nyembamba ili siku ya kurekebisha vali ifunguke bila kuraruka. Badilisha na vibushi vya mpira chini ya nati, kwa sababu oili hupanda hata kwenye stadi. Kaza kwa vidole hadi iguse, kisha nusu mzunguko. Kwa kava nyingi za nati mbili juu, hiyo ni kama Nm 5 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza).

Mstari wa oili uliorushwa kwa duara mbele

Puli ya krenkishafti ikizunguka hurusha oili kama gurudumu linavyorusha matope, kwa hiyo ukikuta mstari mwembamba ulionyooka chini ya boneti, kwenye feni na kwenye mkanda, sawa kabisa na puli, hiyo ni sili ya mbele.

Vua puli upitishe ukucha sehemu inapozungukia sili. Ukucha ukikwama kwenye mfuo, sili mpya pekee haitadumu. Ama unaivisha puli pete nyembamba ya chuma ya kurekebishia, ama unaingiza sili mpya kina tofauti kidogo ili mdomo wake uguse mahali pasipolika. Sili za sufu iliyoshindiliwa za injini za zamani ziloweshe oili kabla ya kuzifunga.

Kosa kubwa hapa ni kukaza kava ya taimingi kwanza, kisha kuingiza puli. Kava nyingi hazina pini za kuziweka katikati. Ni puli inayofanya kazi hiyo. Acha boliti zikiwa zimelegea, paka oili kwenye puli, iingize ipite kwenye sili, izungushe mara kadhaa, ndipo ukaze boliti za kava moja hapa moja kule. Nyuma ya kava kuna kisahani cha kurushia oili. Kikisahaulika, au kikigeuzwa, sili inamwagiwa oili nyingi kuliko inavyoweza kuzuia. Kwenye injini za BMC (kampuni ya magari ya Uingereza) za aina ya A na B kisahani chenye herufi F huwekwa herufi hiyo ikitazama mbele.

Na kama kila kitu ni kipya bado inavuja kwenye boliti ya puli, oili inapita kwenye mfuo wa kifungio cha puli. Silanti (gundi ya kuzibia) kidogo chini ya wosha ya boliti inamaliza.

Ubavu wa bloku umelowa

Hapa kuna vitu vidogo vingi vinavyosingiziwa kuwa sampu. Swichi ya presha ya oili huvuja kupitia katikati, pale waya unapochomekwa: vua waya, ukikuta oili ndani ya soketi yake, tupa swichi. Distribyuta ina oringi inayokuwa ngumu kama plastiki. Gasketi ya pampu ya petroli hulegea kwa sababu mkono wa pampu unaisukuma kila mzunguko. Injini zenye vifuniko vya tapeti ubavuni huvuja kwenye boliti yake ya katikati, na hapo tena kukaza zaidi kunapinda bati.

Filta ni habari nyingine, kwa kuwa yenyewe ikivuja haitoni, inamwaga. Ukibadilisha filta, hakikisha raba ya zamani imetoka. Kwenye filta za kopo la chuma raba hujificha ndani ya mfuo, nyeusi kwa nyeusi. Chomoa kwa sindano. Raba mbili zikipandana zitashika hadi injini ipate presha, kisha oili yote itakuwa barabarani ndani ya dakika chache. Kila ukimaliza kubadilisha filta, washa injini huku mtu mwingine akitazama chini.

Boliti ya kumwagia oili ina wosha ya shaba. Ikishabanwa mara nyingi huwa ngumu. Ichomee kwa moto hadi iwe nyekundu, iache ipoe, itakuwa laini kama mpya. Ikiwa nyuzi za sampu zimelika, usizungushie utepe wala kamba. Weka nyuzi mpya.

Sampu

Sampu ya bati ina ugonjwa uleule wa kava ya tapeti, ila ina boliti ishirini badala ya mbili. Vua, nyoosha kuzunguka kila tundu, safisha hadi chuma kitupu. Kona nne, pale gasketi ya ubavu inapokutana na ile ya nusu duara ya beringi ya mbele na ya nyuma, ndizo zinazovuja. Hapo tu ndipo panapohitaji tone la silanti. Silikoni ikipakwa kama sosi, inayobanwa nje unaiona na inayobanwa ndani huioni. Ile ya ndani hukatika, hufuata oili, na kukwama kwenye wavu wa pampu. Injini iliyokufa kwa kukosa presha kwa sababu ya silikoni ni hasara ya kijinga kuliko zote.

Tazama pia boliti ambazo matundu yake yanatoboka hadi ndani. Oili hupanda kwenye nyuzi zake. Zipake silanti isiyokauka.

Oili inatoka kwenye nyumba ya klachi

Sasa umefika nyuma, na ikiwa ulifuata mpangilio, magari mengi yameshapona kabla ya hapa. Nyumba ya klachi kwa kawaida ina tundu chini. Kwenye Land Rover za Series tundu hilo lina plagi yake ya kufungwa wakati wa kuvuka maji tu. Ikiachwa humo siku zote, oili hujikusanya hadi kwenye klachi. Kinga oili inayotoka, uinuse. Kiberiti kikinuka, ni sili ya mbele ya giaboksi. Klachi ikianza kuteleza au kutetemeka unapoondoka, usisubiri.

Kabla ya kulaumu sili, kumbuka kuna wengine wanaokaa hapo nyuma: plagi ya mwisho wa kemushafti, plagi za njia za oili, kona za nyuma za sampu, na bamba linaloshika nyumba ya klachi. Giaboksi likishuka, tazama nyuma ya flaiwili kabla hujafuta chochote. Mchirizi unaotoka juu ya krenkishafti si wa sili yake.

Sili yenyewe ni ya aina tatu, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza si sili. Ni mifuo iliyokatwa kwenye krenkishafti kama nyuzi za parafujo, inayozunguka ndani ya tundu lenye nafasi ndogo sana na kuirudisha oili ndani. Morris Minor inayo. MGB ilikuwa nayo hadi injini ya beringi tano ilipokuja mwishoni mwa 1964 na sili ya mpira. Mfumo huu unafanya kazi krenkishafti ikizunguka tu. Ukizima, matone machache yatatoka. Ukiegesha pua ikiwa juu, yatakuwa mengi zaidi. Hakuna cha kukaza. Matone yakigeuka mchirizi, chanzo ni pumzi iliyoziba, kiwango kilichozidi, au beringi zilizochakaa hadi krenkishafti inayumba. Kuna seti za kubadili kuweka sili ya mpira, nyingine nzuri, lakini zote zinashindwa mbele ya beringi mbovu.

Ya pili ni kamba iliyosukwa na kutiwa grafaiti, nusu moja kwenye bloku na nusu kwenye kifuniko cha beringi. Iloweshe oili, ilaze kwenye mfuo wake, ibingirize kwa chuma cha mviringo kinacholingana na krenkishafti hadi ikae chini kabisa, kisha kata ncha kwa wembe mpya kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Ncha zikizidi, kifuniko cha beringi hakikai. Zikipungua, panabaki pengo. Baada ya kufunga, krenkishafti itakuwa nzito kuzungusha kwa mkono. Hiyo ni kawaida. Ikikataa kabisa, fungua.

Ya tatu ni sili ya mpira yenye mdomo na springi. Upande wa springi unatazama oili. Paka oili mdomo, usiuguse kwa bisibisi, na kagua krenkishafti kama ulivyokagua puli.

Gari lililolala miaka miwili na kuvuja siku ya kwanza kuamka, lipe mwezi wa kuendeshwa kabla ya kulifungua. Sili zilizokauka huweza kulainika zikipata oili ya moto. Si zote, ila nimeona za kutosha kuwa na subira.

Volkswagen na injini zenye silinda za kulala ubavu

Injini ya Beetle inastahili maneno yake. Kati ya hedi na tumbo la injini kuna mirija minane ya pushirodi (fimbo zinazosukuma vali), kila mmoja una sili mbili, jumla kumi na sita, na moto wa hedi unazikausha. Kubadilisha kwa mrija wa asili kunahitaji kutoa hedi. Ukifika huko, vuta mrija kabla ya kuurudisha hadi urefu wa milimita 190 hadi 191 kwa injini za 1300 hadi 1600, ili viungo vyake vya akodiani vibane, na mshono wake utazame juu.

Nati ndogo sita za kisahani cha chini zinakazwa kwa Nm 7. Watu huzikaza kama za magurudumu, stadi zinang'oka, na uvujaji unakuwa wa kudumu. Sili ya flaiwili nayo, kabla ya kuibadilisha, pima mchezo wa krenkishafti mbele na nyuma: milimita 0.07 hadi 0.13. Ukizidi sana, sili haina kosa. Oili ikimwagika ghafla ndani ya bati la feni, tazama sili za kipoza oili, na hakikisha mpya zinalingana na ukubwa wa matundu, kwa kuwa zipo za vipimo viwili.

Dawa za chupa na oili nzito

Dawa ya kuvimbisha sili inaweza kupunguza jasho la sili ya mpira iliyosinyaa. Haifanyi kitu kwa koki, kamba, wala mifuo ya parafujo. Fluidi ya breki ndani ya oili, ambayo bado kuna wanaoishauri, hulainisha raba zote hadi ziwe uji. Oili ya 20W-50 inafaa nyingi za injini hizi. Kwenda juu zaidi ili kuziba uvujaji kunachelewesha oili kufika kwenye beringi asubuhi. Oili ya kisasa yenye sabuni nyingi haitoboi sili, inaondoa uchafu uliokuwa ukiziba tundu ambalo tayari lilikuwepo.

Ukishamaliza, endesha kilomita 500 hivi, acha injini ipoe, kaza tena gasketi za koki kwa kipimo kilekile bila kuzidisha, na urudishe kadibodi palepale kwenye alama zako. Vaa glavu, maana oili iliyotumika ina madhara kwenye ngozi. Pima kwa chupa yenye vipimo ni mililita ngapi unaongeza kila kilomita 1,000, uandike. Injini yenye mifuo ya parafujo inayoacha matone matatu usiku, na namba hiyo haibadiliki miezi mitatu mfululizo, iwekee sinia lenye maranda ya mbao chini yake uiache.